Mama wa Lango la Chini

Agosti ya mwaka huu, maombi ya kufunga kongamano yalipoanza, lango la chini lilikaa kimya. Haukusikika mlio wa bawaba. Haikusikika sauti ya mwanamke ikisema kwa chini, "Pita mama, polepole, shika mtoto mkono." Mnyororo ulikuwa umezungushwa mara mbili kwenye vyuma, kufuli likaning'inia mbele, na ile kreti ya soda iliyokuwa ikikaa pembeni pale kila Agosti kwa miaka kumi na mitatu haikuwepo. Kwa dakika ishirini na tano hakuna mtu aliyepita.

Kimya hicho kilisifiwa. Baada ya amina, mwenyekiti wa kamati alishika maiki akasema mwaka huu Mungu ameheshimiwa Kitale, na watu wakapiga makofi. Chelimo, mhudumu wa lango kwa mwaka wa tisa, hakupiga. Alisimama hatua chache kutoka kwenye mnyororo, mikono nyuma, akiusikiliza uwanja jinsi alivyofundishwa kuusikiliza. Mama mmoja wa Kiminini alipomwuliza, "Kwani yule mama mfupi wa kreti alienda wapi?" alijibu, "Alipumzika." Kisha, kwa kuwa yule mama alikuwa bado anamwangalia, akaongeza, "Walimpumzisha."

Mama mfupi wa kreti anaitwa Peris Nakhumicha. Alizaliwa upande wa Bungoma, akaolewa Kabuchai na mwalimu wa shule ya msingi aitwaye Wakhungu, na mwalimu alipohamishiwa Trans-Nzoia wakapanga nyumba ya vyumba viwili Kitale. Peris alishona sare za shule, cherehani ikiwa dirishani. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Ile nyingine, ya malango, hakuwahi kuiita kazi. "Naenda kusimama," alikuwa akimwambia mumewe, na mumewe alijua ni wapi.

Kongamano la Kanisa la Chemchemi ya Rehema huchukua siku nne, wakati shule zimefungwa na mvua haijafungwa. Uwanja ni shamba la kanisa nje kidogo ya mji, limeinama kama paa la upande mmoja. Juu, karibu na lami, kuna lango pana la magari na wageni. Chini, upande wa mahindi, kuna lango la chuma la mabawa mawili linalofunguka kwa ndani. Kwenye karatasi ya mpango, lango kuu ni la juu. Lakini magari ya Kiminini hushusha watu kwenye barabara ya udongo kule chini, malori ya wageni wa mbali huegeshwa hukohuko, na mtu hutaka kutoka palepale alipoingilia, hata ukimwonyesha mlango mpana zaidi na ulio karibu naye zaidi. Theluthi mbili ya watu wote walikuwa wa Peris.

Alikuwa mfupi, ndiyo maana ya kreti. Akipanda juu yake aliona vichwa badala ya migongo. Na hakutazama nyuso kwanza, alisikiliza makofi. Watu wenye nafasi hupiga makofi mbele ya kifua, viwiko vimefunguka, na sauti hupasuka. Nafasi ikipungua, viwiko hurudi mbavuni, mikono hupanda, makofi yakapigwa chini ya kidevu kwa ncha za vidole. Sauti yake hubadilika. Inakuwa kama mvua iliyoacha mabati ikahamia kwenye nyasi. Kwaya haisikii tofauti hiyo, wala mhubiri, kwa sababu kwao huo ni umati uliozama katika Roho. Peris akiisikia alishuka kwenye kreti na kuanza kutembea.

"Mama, wewe unakagua viwiko vya watu wa Mungu kama mtu anachagua kuku sokoni," Chelimo alimwambia mwaka wake wa kwanza.

"Cheka tu. Siku utaona kichwa kimoja kinayumba na vingine mia vinayumba nacho kama mahindi, na hakuna upepo, utaacha kucheka."

Wahudumu wapya aliwafundisha siku moja kabla, wakiwa wamekaa kwenye nyasi na riflekta zao, zile fulana za manjano zinazong'aa, bado zina harufu ya duka. Hakuwa na mengi. Aliwaambia kwamba anayesukuma si mtu mbaya, hajui tu. Mbele wanalia, nyuma wanaimba, na habari ya mbele haina njia ya kurudi nyuma. "Kwa hivyo usimpigie kelele wa mbele. Huyo hana pa kwenda. Nenda nyuma kabisa, ongea na yule ambaye bado anaweza kugeuza mguu wake." Aliwaambia kwamba watu wakiogopa hawakimbii ovyo kama inavyosemwa, wanatafutana. Mama atarudi kinyume cha watu wote kwa sababu ya mtoto. Mzee atainama kuokota kiatu, na anayeinama kwenye msongamano anaweza asiinuke. Kwa sababu ya hicho kiatu, kila Ijumaa ya kongamano Peris alienda kwa mafundi wa mbao kuomba magunia ya vumbi la mbao, akalimwaga langoni mahali tope jekundu la Kitale hupenda kuvua watu viatu.

Na aliwaambia jambo moja ambalo wengi hawakulipenda. Mhudumu wa lango hafumbi macho wakati wa maombi.

"Hata kidogo, Mama?"

"Hata kidogo. Wewe utaombea nyumbani."

Hakuwaambia sababu. Chelimo aliijua, maana aliwahi kuuliza mara mbili.

Kabla ya Kitale kulikuwa na Bungoma. Mwaka wa 2011 kanisa lilifanya kongamano lake kwenye kiwanja cha kukodi huko, na Peris, aliyekuwa amejiunga na wahudumu mwaka huohuo, alipewa ufunguo wa lango la pembeni. Agizo lilikuwa lile ambalo kila mtu aliyelelewa kwenye makanisa yetu analijua tangu akiwa anabebwa mgongoni: wakati wa maombi hakuna kutembea. Aliye ndani asitoke, aliye nje asubiri amina. Lango hufungwa. Hakuna aliyelitunga agizo hilo kwa ubaya. Ni heshima tu, kama kuvua kofia.

Peris alikuwa amemtuma wifi yake, Phelista, mdogo wa Wakhungu, akalete maji ya kunywa ya akina mama wa kwaya. Phelista alikuwa bado nje maombi yalipoanza. Mwaka ule mvua ilikuwa imekataa na mahindi yamekauka yakiwa magotini, kwa hivyo maombi yakawa marefu, na kadiri yalivyorefuka ndivyo waliochelewa walivyoongezeka nje ya lango, na ndivyo ndani walivyoongezeka wale waliotaka kutoka mara tu amina ikisemwa, wakimbilie magari. Makundi mawili yalikaa yakitazamana, lango likiwa katikati. Peris alisikia bati likigongwa. Aliona ni utovu wa subira. Alikuwa amefumba macho, ufunguo uko ndani ya ngumi, na alikuwa anaomba kwa kweli.

Amina iliposemwa alifungua kufuli, na lango halikufunguka. Lilikuwa la kuvutwa ndani, na waliokuwa ndani walikuwa wamelilalia kwa uzito wao wote, huku wa nje nao wakilisukuma. Lilipokubali hatimaye, lilikubali mara moja. Watu wawili walikufa pale. Mmoja alikuwa fundi wa baiskeli ambaye Peris hakuwahi kumfahamu. Mwingine alikuwa Phelista, na mtungi wa maji ulikutwa umesimama wima kando ya ukuta, haujamwagika.

Hakuna aliyemlaumu. Wazee walisema ni siku yao iliyokuwa imefika. Hata polisi waliandika tu kwamba watu walikanyagana, kana kwamba walikuwa wameamua hivyo wenyewe. Baada ya maziko Peris alimwambia mumewe kila kitu: ufunguo, kugongwa kwa bati, macho. Wakhungu alikaa kwenye kiti cha nje, akichuna ganda la muwa bila kuula.

"Ulikuwa unaombea nini?" akauliza.

"Mvua."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa jibu la hesabu, akaingia ndani. Hawakulizungumzia tena. Lakini kongamano lilipohamishiwa Kitale mwaka uliofuata na Peris akasema anarudi kusimama langoni, Wakhungu ndiye aliyemtafutia ile kreti.

Mwenyekiti wa wakati huo, Mzee Kimaiyo, mkulima mtulivu kutoka upande wa Mlima Elgon, alikuwa Bungoma siku ile. Peris alipomwambia kwamba Kitale lango la chini litakaa wazi hata wakati wa maombi, hakumwitisha maelezo. Alisema tu, "Fanya bila kelele." Akafanya bila kelele kwa miaka kumi na miwili. Wakati wa maombi watu walipita lango la chini wawili wawili, wameinamisha vichwa, na Peris juu ya kreti yake akiwatazama kwa macho makavu. Kitu hakikutokea mwaka wa kwanza, wala wa pili, wala wa tano. Watu walianza kuona kwamba kutotokea kwa kitu ndiyo tabia ya uwanja ule.

Mzee Kimaiyo alistaafu. Kamati mpya ilimpa kazi ya mipango kijana aitwaye Ian, mtoto wa kanisa hilohilo, ambaye Peris aliwahi kumshonea kaptula ya darasa la kwanza. Ian hakuwa mtu wa madharau. Alisomea mambo ya kuandaa mikutano, akachora uwanja kwa kompyuta, mistari ya kijani kwa wanaoingia na myekundu kwa wanaotoka, akaleta mahema bora na vyoo vya kutosha. Alileta pia kamera iliyo kwenye mkono mrefu wa chuma, ya kurusha ibada mtandaoni, na kamera hiyo iliposimamishwa, picha yake pana kuliko zote ilianzia jukwaani ikaishia kwenye lango la chini.

Mkutano wa kamati ulifanyika Julai ya mwaka jana, chumba cha nyuma ya kanisa. Peris aliitwa mwishoni, wengine wakiwa wameshakunywa chai.

"Mama, shikamoo," Ian akasema akisimama. "Kuna kitu kidogo tu. Watu wa ng'ambo wanatuona sasa. Juzi tumeangalia video ya mwaka uliopita, na wakati Askofu anaomba, watu wanapita huko nyuma. Wanapita tu. Mmoja alikuwa na mkungu wa ndizi."

Watu wakacheka. Peris pia alicheka kidogo, maana alimkumbuka mwenye ndizi.

"Tunataka lango la chini lifungwe wakati wa maombi. Dakika ishirini tu, Mama."

"Geuza kamera."

"Ikigeuzwa itaonyesha vyoo."

"Basi lango lifunguliwe kwa nje. Fundi ageuze bawaba."

"Barabara ya nje ni ya serikali. Tutaomba kibali mwakani."

"Ian, mtoto wangu, ulikuwa wapi mwaka wa 2011?"

"Nilikuwa darasa la nane, Mama. Na nilisikia. Sisi wote tulisikia." Alisema kwa upole, na upole huo ulimchosha Peris kuliko ukali. "Lakini ilikuwa Bungoma. Kiwanja kingine, watu wengi kuliko nafasi. Hapa miaka kumi na miwili hakuna mtu amewahi hata kukwaruzwa. Si ni wewe umetunza rekodi hiyo?"

Peris alikuwa na miaka kumi na miwili ya kitu ambacho hakikutokea, na haikuwa na picha. Mwenyekiti mpya akauliza kama anakubali au watafute mtu mwingine wa lango. Peris akawaza mtu mwingine huyo, pengine mwenye imani kubwa na macho yaliyofumbwa vizuri, akasema anakubali. Hakuwa amekubali. Alitaka tu awe karibu na kufuli.

Nyumbani Wakhungu alimwona anavyokata nyuzi kwa meno badala ya mkasi.

"Mama Nelima," akamwita kwa jina la binti yao, "wamekufanya nini?"

"Wanafunga lango."

"Na wewe?"

"Mimi niko langoni, Mwalimu."

Jumapili ya mwisho mvua ilinyesha tangu alfajiri hadi saa saba. Watu walikuja wachache asubuhi, wakakaa wamejikunyata chini ya mahema. Kulikuwa na kundi kubwa kutoka Uganda, lililokuwa limevukia mpaka wa Suam kwa malori likimfuata mhubiri wao, na hawa walikuwa wameambiwa malori yataondoka saa tisa na nusu ili wafike mpakani kabla haujafungwa. Mvua ilipokatika, Kitale na Kiminini zilitoka nyumbani kwa pamoja. Saa nane barabara ya udongo ilikuwa nyeusi kwa watu wanaokuja. Saa tisa kasorobo Askofu alitangaza maombi ya kufunga, na kupaka mafuta wagonjwa. Sauti yake kwenye spika ilifika hadi kwenye mahindi: kila atakayefika mbele atapakwa.

Lango likafungwa. Ufunguo alikuwa nao Waithaka, askari wa kampuni ya ulinzi iliyokodiwa, kijana mwenye kofia iliyomzidi kichwa. Ian mwenyewe alikuwa juu, kwenye meza ya kamera.

Peris alipanda kwenye kreti. Nje waliotaka mafuta walikuwa wanajaza barabara, wenye wagonjwa mikononi wakiwa mbele. Ndani watu wa malori walikuwa wanashuka mteremko kidogo kidogo, kwa hatua za adabu, mizigo kichwani, wasimame karibu na lango ili amina iwakute tayari. Hakuna hata mmoja aliyekosea. Kwaya ikaimba kwa sauti ya chini, watu wakapiga makofi ya polepole, na Peris akasikia makofi yanaondoka kwenye mabati.

Akampigia Ian simu. "Fungua."

"Mama, bado dakika kumi na tano. Askofu ndio ameshika mafuta."

"Ian, wako kwenye kidevu."

"Ati nini?"

Akakata. Vichwa viliyumba kulia, kama mia moja kwa pamoja, vikarudi. Upande wa nje mtu alikuwa anainua mtoto juu ya vichwa, na mikono ya watu wasiomjua ikawa inampokea na kumrudisha nyuma. Peris aliteremka. Hofu ikimpanda, ulimi wake hurudi Bungoma.

"Fungua rango, kijana."

"Nimeambiwa mpaka amina, Mama."

"Weka mkono hapa." Alimshika kifundo cha mkono akaweka kiganja chake kwenye bati la lango. Bati lilikuwa limevimba. Lilikuwa linakwenda na kurudi, taratibu, kama ubavu wa ng'ombe anayepumua. Waithaka alilitazama, akamtazama mama huyu asiyefika begani kwake, akatoa ufunguo mfukoni.

Lakini ufunguo peke yake ulikuwa bure, na Peris alilijua hilo kuliko mtu yeyote katika uwanja ule. Lango linalovutwa ndani halifunguki kama walio ndani hawarudi nyuma, na walio mbele hawana uwezo wa kurudi. Ilibidi wa juu, wale wa mwisho kwenye mteremko, wageuke. Wageuke kwa hiari, upesi, bila kuogopa, katikati ya maombi, watu wenye lori la kuwahi. Alifikiri kwa muda wa pumzi mbili. Walikuwa wamelowa tangu asubuhi. Walikuwa na saa nne za barabara mbaya mbele yao.

"Chelimo! Nenda juu kwa wa nyuma. Waambie kuna chai na mkate kwa hema la akina mama."

"Iko wapi chai?"

"Hakuna chai. Enda!"

Chelimo alikuwa mrefu na alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Alipanda pembeni mwa uwanja mbio, na kabla hajafika vizuri alishaanza: "Chai ya moto! Chai na mkate kwa wasafiri! Huku juu, kwa hema la akina mama!" Neno liliingia kwa watu wa mwisho, wakageuka. Wakapokea wa mbele yao, nao wakageuka. Peris aliona mgeuko huo unashuka mteremko kuja kwake, safu kwa safu, migongo ikawa nyuso na nyuso zikawa migongo, na mwishoni yule mzee aliyekuwa amebanwa kifua kwenye bati akavuta pumzi ndefu, akapata nafasi ya kushusha mikono yake.

"Sasa," Peris akamwambia Waithaka.

Mabawa yalifunguka. Wa nje wakaingia kwa bawa la kushoto, wa ndani waliokuwa wamebaki wakatoka kwa bawa la kulia, wawili wawili, na Peris alisimama katikati akitenganisha kwa mikono miwili. "Pita mama. Polepole. Shika mtoto mkono." Bibi mmoja aliacha ndala kwenye vumbi la mbao, akarudi kuichukua, na hakuna aliyempita juu. Ndani ya dakika sita uwanja ulikuwa unapumua. Jukwaani, Askofu alikuwa bado anaomba, macho yamefumbwa, pembe ya mafuta mkononi.

Hiyo ndiyo ilikuwa yote. Hakuna aliyeumia. Kwenye hema la akina mama palizuka ugomvi, kwa sababu watu mia tatu waliolowa walifika kudai chai, na Sellah, mkuu wa jikoni, alikuwa amebakisha sufuria mbili za chai ya wageni wa jukwaani. Alizigawa kwa vikombe nusu nusu mpaka zikaisha, akalaani kwa lugha mbili.

Peris aliitwa Jumatano. Kilikuwa chumba kilekile, ila safari hii kulikuwa na runinga ukutani. Ian aliwasha video. Kamera yenye mkono mrefu ilikuwa imenasa kila kitu. Askofu anainua pembe ya mafuta kuelekea kwa watu, na wakati huohuo uwanja mzima wa chini unampa mgongo, ukielekea hema la akina mama upande wa pili wa uwanja. Maelfu ya migongo ikiondoka madhabahuni taratibu kama maji. Lango lenyewe halikuonekana vizuri; lilikuwa doa la kijivu kwenye kona.

"Watu elfu kumi na moja wameona hii, Mama," Ian akasema. Alikuwa na macho mekundu, ya mtu ambaye hajalala kwa kujibu simu. "Wengine wanasema Askofu amekataliwa."

Askofu hakuwa na hasira. "Dada Peris, sisi tunakupenda. Lakini ulidanganya watu wakati wa mafuta, na ulifungua lango tulilokubaliana lifungwe. Utasimama Jumapili uombe msamaha kwa yote mawili, tuendelee."

"Ya chai naomba msamaha hata sasa," Peris alisema. "Hakukuwa na chai. Nilidanganya."

"Na lango?"

Peris alivuta riflekta yake begani ikae sawa.

"Mama, nisaidie," Ian akasema. "Niambie kitu cha kuwaambia. Ni nani aliumia?"

"Hakuna."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Basi," Ian akasema, na hakukuwa na ubaya wowote ndani ya neno lile. Alikuwa amefika tu mwisho wa hesabu.

Peris aliangalia runinga, mahali video ilikuwa imesimamishwa. Angeweza kumwonyesha. Angesema, tazama hapa kushoto, huyu mzee, angalia mikono yake iko wapi. Tazama huyu mtoto hewani. Rudisha nyuma kidogo, ona vichwa vinavyoyumba. Alikuwa na maneno hayo yote. Alihisi uzito wa kuyapanga, moja baada ya jingine, mbele ya watu wema waliokuwa wanamsubiri alie ili wamsamehe, na miguu yake, iliyosimama siku nne kwenye unyevu, ilimuuma hadi kwenye nyonga. Alivua riflekta ambayo alikuwa ameivaa kwa mazoea tu, akaikunja mara mbili, mishono ndani, akaiweka mezani.

"Lango hapana," alisema.

Njiani alimkuta Chelimo akimngoja chini ya ukingo wa paa la duka la mbegu. Chelimo alimwangalia kifuani mahali riflekta haikuwepo, akaelewa.

"Ungeomba tu msamaha, Mama. Maneno ni ya mdomo. Mwakani ungekuwa langoni."

"Nikiomba msamaha kwa kufungua, mwakani nitafungua kwa jina la nani?"

"Sasa mimi nifanye nini?"

"Usifumbe macho. Na uwasumbue juu ya bawaba. Kila mkutano, wasumbue, mpaka wakuchoke."

Wakhungu alistaafu Disemba, na Januari walihama. Chelimo amewasumbua mara nne juu ya bawaba. Kibali cha barabara, wanasema, kinashughulikiwa. Lango la chini bado linafunguka kwa ndani.

Peris Nakhumicha yuko Kabuchai. Anaishi na mumewe kwenye ekari moja na nusu ya miwa na mahindi, ana ng'ombe mmoja wa maziwa, na goti lake la kushoto linatibiwa Bungoma kila Alhamisi ya pili.